Vidole Viwili vya Mwisho

Penang, 9 Februari 2024

Dada Ruqaya,

Tangu mama azikwe tumepigiana simu mara mbili, na mara zote mbili tuliishia kuulizana kama mvua imenyesha. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akishika simu. Anakuuliza jambo, ananiambia ulivyojibu, kisha ananigeukia mimi. Kumbe sisi wawili hatukuwa tukizungumza, tulikuwa tukizungumza naye. Nimeona heri niandike. Barua pepe inampa mtu nafasi ya kufikiri, na mwenziwe nafasi ya kutojibu.

Kuna rafiki yangu wa hapa kazini anayekuja Nairobi wiki ijayo. Nimempa laptopu akuletee hadi Machakos. Ni ya kampuni yetu, bado haijaingia madukani. Unajua kazi yangu ni kile kibao kilicho chini ya herufi, kile watu wanachokiita tachpedi, unachotelezesha kidole juu yake mahali pa mausi. Mimi huandika programu inayotambua vidole. Kimoja kinasogeza mshale, viwili vinapandisha na kushusha ukurasa, viwili vikitanuka picha inakua, vitatu vinabadilisha dirisha. Programu inabidi ijue kipi ni kidole, kipi ni kiganja kilichojiegemeza tu, na mwenye mkono alikusudia nini.

Hii mpya haina kitufe chini ya kioo cha kibao. Ukibonyeza, kioo hakisogei hata unywele. Kuna kidude ndani kinachotetema kidogo sana, basi kidole kinaamini kimebonyeza kitu kikashuka. Watu wengi hawagundui mpaka uwaambie. Wewe unashinda ukichora ramani za mashamba, kwa hiyo utaniambia mengi kuliko mtu yeyote katika jengo hili.

Mkono unaendeleaje? Siku ile ya mazishi nilikuona ukiufunga leso. Ulisema si kitu.

Mdogo wako,
Yahya


Machakos, 2 Machi 2024

Mdogo wangu Yahya,

Laptopu ilifika Alhamisi. Rafiki yako ni mpole, alikunywa chai akaondoka. Nimeipeleka kazini. Mzee Mulwa, mwenye ofisi, aliigeuza juu chini akatafuta mahali pa kubonyeza, akacheka peke yake. Ofisini tuko watatu tu kama zamani. Mulwa ndiye mpimaji mwenye leseni. Musili ndiye anayekwenda mashambani na chombo cha kupimia na kurudi na karatasi ya vipimo. Mimi nachukua vipimo vyake navigeuza kuwa mistari.

Nyumbani kuko sawa. Nguo za mama nilizipeleka msikitini zikagawiwe. Nilidhani nitalia. Nilizikunja, nikazifunga kwenye shuka, nikarudi nikapika. Watu wanaokuja kunipa pole huniangalia usoni kama wanaotafuta kitu walichokiweka hapo. Nawapa chai.

Mkono umepona. Hauumi kabisa.

Dada yako,
Ruqaya


Penang, 20 Aprili 2024

Dada Ruqaya,

Eid ilipita hapa kimya. Nilikula wali na majirani, nikarudi kulala.

Nina swali la kazi, na naomba unijibu kwa makini. Mwezi ujao kampuni inaamua kuhusu laptopu za miaka inayokuja. Kuna wanaotaka kitufe kiondoke kabisa katika mashine zote, hata zile za bei ya chini. Baada ya hapo hata mipaka ya kibao iondoke, eneo lote lililo mbele ya herufi liwe kioo kitupu kinachosoma mikono popote ilipo. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanasema mtu hatahitaji kugusa, atapunga vidole hewani na kamera itamwelewa. Upande mwingine kuna mhandisi mmoja mzee, anatoka mji wa Ipoh, ambaye anataka kitufe kimoja kibaki. Anasema mkono ukisukuma kitu unataka kitu hicho kiusukume pia. Vijana wanamwona amepitwa na wakati.

Mimi niko upande wa kioo. Lakini kila mtu aliyekijaribu hapa ni mhandisi, na mhandisi husifu alichokitengeneza. Nataka neno la mtu anayeketi nacho saa nane kwa siku. Je, unachoka? Unakosea? Ungependa kurudi kwenye kitufe?

Pia kuna programu ndogo nimekutumia. Inarekodi vidole vinapogusa kioo, wapi, kwa uzito gani, kwa muda gani. Haioni unachoandika wala unachochora. Ukikubali, rekodi zinanifikia zenyewe. Zitanisaidia kuifundisha mashine.

Yahya


Machakos, 5 Mei 2024

Yahya,

Kioo ni kizuri kuliko kitufe. Mkono hauchoki. Sikosei. Ukishakizoea hutaki kurudi nyuma.

Hiyo programu ya kurekodi nimeikubali.

Mvua ya mwaka huu imebomoa ukuta wa nyuma, ule wa upande wa bafu. Fundi amekuja kuuangalia.

Ruqaya


Penang, 30 Mei 2024

Dada Ruqaya,

Nilisoma maneno yako mbele ya mkutano. Niliwaambia ni ya dada yangu, anachora mipaka ya mashamba Machakos, kosa lake la milimita kwenye skrini ni mita kwenye udongo, na yeye anasema hakosei na hataki kurudi nyuma. Mzee wa Ipoh aliniuliza kama una mikono mikubwa au midogo. Nikamjibu ya kawaida. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Uamuzi umepita. Kuanzia mwaka ujao hakuna kitufe. Mkuu wetu alinishika bega akaniambia ile barua ndiyo iliyowashawishi waliokuwa katikati. Ningependa mama angekuwepo asikie kwamba nimewashinda wazee kwa maneno yako. Halafu nikaenda kula, nikagundua sina hamu ya chakula. Sijui ni nini. Nimekuwa hivi tangu Novemba, tangu tumzike mama.

Yahya


Machakos, 21 Julai 2024

Yahya,

Nimechelewa kujibu. Ofisini kuna jambo.

Kuna mama mmoja Kathiani anaitwa Emily. Mumewe alifariki, na shamba likagawanywa kati yake na shemeji yake. Tulipewa kazi hiyo sisi. Musili alikwenda kupima, mimi nikachora, Mulwa akaweka sahihi. Musili akarudi kusimika bikoni, zile nguzo fupi za simiti za mpaka, kufuata ramani. Mpaka umeingia upande wa Emily mita tatu na nusu hivi, urefu wote wa shamba. Katika hizo mita tatu na nusu alikuwa na miparachichi tisa. Yeye alikuwa amekwenda kumwona binti yake Matuu. Aliporudi alikuta shemeji amekata yote. Alikuwa amengoja bikoni tu.

Alikuja ofisini na tawi moja mkononi, likiwa na matunda madogo. Akaliweka juu ya meza ya Mulwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Niambieni nani alipima."

Mulwa akamuuliza Musili. Musili akasema vipimo vyake viko kwenye karatasi, waangalie karatasi. Karatasi haikupatikana. Wiki iliyofuata Mulwa alimwambia akae nyumbani, kwamba umri umefika na macho yamechoka. Musili amefanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Alivua jaketi la ofisi akalikunja akaliacha juu ya kiti.

Ukuta wa nyuma umejengwa.

Ruqaya


Penang, 28 Julai 2024

Dada Ruqaya,

Pole na mambo ya ofisini. Samahani kwa swali la ajabu. Ramani hiyo ya Kathiani uliichora siku gani, na saa ngapi kama unakumbuka?

Yahya


Machakos, 2 Agosti 2024

Yahya,

Jumanne tarehe 11 Juni. Asubuhi. Kwa nini unauliza?

Ruqaya


Penang, 19 Agosti 2024

Dada Ruqaya,

Nimekuwa na barua hii wiki mbili. Naiandika, naifuta.

Rekodi zako zilianza kunifikia mwezi wa tano. Sikuzitazama mpaka Julai, kwa kuwa nilikuwa nimeshashinda. Nilipozitazama nilidhani kibao kina hitilafu. Dada, kidole chenye fahamu hakitulii. Hata kikipumzika juu ya kioo kinasogea kidogo, kinapunguza uzito, kinajirekebisha. Vidole vyako vitatu viko hivyo. Viwili vya mwisho, cha pete na cha kando, havifanyi hivyo. Vinalala juu ya kioo kama vijiti vilivyodondoka. Mara kwa mara vinalala kwa uzito wa kutosha programu kuhesabu kwamba umebonyeza. Na kwa sababu hakuna kitufe, hakuna kinachoshuka wala kulia. Kuna ule mtetemo tu, na mtetemo unasikika kwa ngozi.

Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kidole chako cha kando kilibonyeza kikashikilia kwa sekunde tisa, na mkono wako ukasogea kushoto. Kwa programu hiyo ina maana moja tu: ameshika kitu, anakivuta. Mimi ndiye niliyeiandika iamini hivyo.

Siwezi kuona ulichokuwa unachora. Lakini nadhani ni mstari wa Emily.

Huenda ulikuwa hujui. Kama hujui, basi sasa unajua, na Musili hana kosa.

Jambo la pili ni langu. Siku tunamtoa mama hospitali kwenda kumzika, niliufunga mlango wa nyuma wa gari kwa nguvu, maana nilikuwa sitaki mtu anione uso. Nikasikia kitu kimezuia. Nikaufunga tena. Sikutazama chini. Nilikuona baadaye ukiufunga mkono leso, nikakuuliza, ukasema si kitu, nami nikalipokea hilo jibu kwa mikono miwili kwa kuwa ndilo nililolitaka. Laptopu niliyokuletea, ukitaka kujua, niliituma kwa sababu hiyo. Sikuwa na la kusema kuhusu mkono, nikautumia mkono zawadi.

Niambie ukweli, dada. Vidole vina fahamu?

Yahya


Penang, 15 Septemba 2024

Dada Ruqaya,

Ni karibu mwezi. Naona rekodi zimekatika tangu tarehe 20 Agosti, kwa hiyo najua ulisoma. Sikulaumu. Naomba neno moja tu, hata kama ni tusi.

Yahya


Machakos, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Yahya,

Naandika kwa mkono wa kushoto kwenye kompyuta yenye mausi, kwa hiyo usishangae nikikosea herufi.

Havina fahamu. Tangu siku ile. Daktari alisema mshipa wa fahamu umepondeka, huenda ukaota tena polepole, huenda usiote. Niliunguza kidole cha kando kwenye sufuria mwezi wa pili, nikajua kwa harufu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi kunitumia kitu, na kwa muda mrefu nilikuwa sijaona furaha katika maneno yako. Uliponiuliza kuhusu kioo nilikujibu ulichotaka. Sikujua utakwenda kuyasoma mbele ya watu. Ningejua, sijui kama ningeandika tofauti. Wakati ule nilikuwa nafanya kila kitu kama mtu anayekunja nguo.

Najua pia kwamba uliufunga mlango mara mbili. Sikupiga kelele. Mama alikuwa ndani ya gari na nilihisi kama nitamwamsha.

Sasa la Musili. Unasema huenda nilikuwa sijui. Nilijua. Siku Emily alipoliweka lile tawi juu ya meza, nilirudi kwenye meza yangu nikafungua droo. Karatasi ya vipimo ya Musili ilikuwa humo, kwa mwandiko wake, safi. Nikailinganisha na ramani. Mstari mmoja tu ulikuwa umesogea. Mulwa akaniuliza kutoka chumba cha pili, "Ruqaya, karatasi ya Kathiani iko huko?" Nikasema sijaiona. Nikafunga droo, nikaenda kuwatengenezea chai, Musili naye nikampa kikombe chake.

Nilingoja nihisi kitu. Nilikaa nikingoja kama vile tunavyongoja maji ya mfereji yarudi, unafungua bomba, unasikia hewa tu. Musili alipovua jaketi nilimtazama na moyoni mwangu kulikuwa kama vile vidole. Ninaliandika hili ili usije ukafikiri niliteseka. Sikuteseka. Nilikuwa nalala vizuri.

Barua yako ya Agosti niliisoma kazini. Nilifunga laptopu, nikaiweka kwenye boksi lake. Kisha nikakaa mwezi mzima na karatasi ile kwenye mkoba, naitoa nyumbani, narudi nayo nyumbani. Jumatatu ya tarehe 23 niliiweka juu ya meza ya Mulwa nikamweleza yote, na vidole nikamwonyesha. Alichukua sindano ya kubania karatasi akakidunga cha kando, si kwa ubaya, alitaka kuona. Hakikushtuka.

"Ungeniambia mkono ni mbaya ningekupatia kazi ya faili," akasema.

"Najua."

"Musili nitamwambia nini sasa?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Musili na mkewe wanauza mitumba soko la Tala. Nilimkuta anapanga mashati. Alifurahi kuniona, Yahya, akanipa stuli yake. Nilimweleza nimesimama. Aliendelea kukunja shati moja mpaka likawa dogo sana.

Akasema, "Mimi nilikuwa nafikiria ni macho imeisha. Nilienda hospitali ya macho mara mbili. Wakasema macho iko sawa, nikafikiria hao ndio hawajui. Baiskeli niliacha kuendesha. Mke wangu ndiye ananisomea Biblia." Kisha akaniangalia. "Kumbe wewe ulikuwa umekaa na macho yangu kwa droo miezi tatu."

Nikasema ndiyo.

"Enda tu," akasema. "Si eti nimekasirika. Sitaki kuongea saa hii."

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akamwambia dereva asiendeshe mbio.

Mulwa amemwita Musili arudi na ameandika barua ya kukiri kosa la ofisi. Mpaka wa Kathiani utapimwa upya. Mimi niko nyumbani mpaka atakaponiita, na sidhani ataniita.

Waambie wenzako huko. Kuhusu mashine za miaka ijayo, mimi sina utaalamu. Lakini ningependa mashine ambayo, kabla ya kusogeza kitu kikubwa, iniulize kama ni mimi.

Kwa Emily bado sijakwenda.

Ruqaya


Penang, 27 Oktoba 2024

Dada Ruqaya,

Niliwaambia. Niliomba nafasi katika mkutano wa Jumatano, nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama mwezi wa tano, nikasema maneno niliyowasomea hayakuwa kweli, na kwamba mwenye maneno hayo alikuwa ananilinda mimi. Nikawaonyesha zile sekunde tisa. Nilijua zitakuwa ndefu, lakini ukiziangalia na watu kumi na wawili chumbani ni ndefu mno.

Mkuu wetu alisema ni habari ya kusikitisha, kisha akauliza ni watu wangapi duniani wasio na fahamu vidoleni. Nikamtajia walioumia mishipa, wenye kisukari, wenye ukoma, waliopooza. Akasema ni wengi lakini si wanunuzi wetu. Uamuzi haujabadilika. Mashine zinatoka bila kitufe. Wamenipa wiki mbili nijaribu kuifundisha programu itambue kidole kisichojirekebisha na isikihesabu. Wiki mbili zikiisha nirudi kwenye kazi ya kioo kizima.

Mzee wa Ipoh hakunicheka. Alikuja mezani kwangu, akakaa, akaniomba nimwonyeshe rekodi tangu mwanzo. Tulizitazama siku nzima. Jioni aliniambia mkewe alipata kiharusi miaka sita iliyopita na mkono mmoja ukafa ganzi, ndiyo maana aliuliza kuhusu mikono. Hakuwahi kumwambia mtu kazini. Sasa tunafanya kazi hiyo wawili, na tayari programu inaweza kuvijua vidole vyako. Haikosei hata mara moja. Sijui kama itawahi kuwekwa ndani ya mashine ya mtu.

Kuhusu mlango sina maneno mengine zaidi ya yale. Nilifunga mara mbili. Ulijua, na ukaniacha niseme mwenyewe, au ukaniacha nisiseme. Nilipofika hapo katika barua yako nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtu wa usafi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo, na nilishangaa kuwa ni kweli.

Nenda kwa Emily. Au usiende. Sina haki ya kukuambia.

Yahya


Machakos, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu Yahya,

Nilikwenda Ijumaa. Mvua za vuli zimeanza na njia ya kwake ni utelezi, nilivua viatu.

Emily ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Alikuwa shambani amejifunga gunia kiunoni. Bikoni mpya zimeshasimikwa, Musili ndiye aliyekuja kuzisimika, na alipima mara tatu akiwa na miwani asiyoihitaji, ili wote waone. Visiki tisa sasa viko upande wa Emily. Shemeji yake hatoki nje siku hizi.

Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akauliza, "Ulikuwa unajua wakati nilileta lile tawi?"

"Nilijua baada ya dakika kumi."

"Na ukanipatia chai."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. "Ile chai nilimaliza," akasema. "Nilisema moyoni, huyu msichana ndiye mtu mzuri hapa ndani."

Yahya, nilidhani hapo ndipo nitalia, na sikulia. Nilisimama tu kwenye tope. Nikamwambia nimekuja kusema samahani. Akasema hiyo samahani nibaki nayo, yeye ana miche tisa imekaa kwenye karatasi za plastiki tangu Jumatano na mgongo wake unauma.

Tukapanda. Alichimba, mimi nikashika mche wima naye akarudisha udongo. Kwenye mche wa sita alisimama akanishika mkono wa kulia akaugeuza. Kidole cha kando kilikuwa kimechanika kwa jiwe au kwa kisiki, sijui, damu ilikuwa imeshachanganyika na udongo hadi kwenye kiwiko.

"Hausikii?"

"Sisikii."

Aliumwagia maji ya chupa yake ya kunywa, akachana pindo la kitambaa alichojifunga kichwani, akafunga kidole. Alikifunga kwa nguvu mno, au pengine ni mimi, kwa kuwa huku juu kwenye kiganja, mahali ambapo fahamu inaanzia, paliniuma. Paliniuma kweli, nikauvuta mkono. Akasema, "Pole," bila kufikiri, kama anavyomwambia mtu yeyote. Kisha akakumbuka mimi ni nani, nikaona uso wake ukirudi kuwa mgumu. Akaokota jembe.

Tulimaliza tisa. Mparachichi wa kupandikiza unachukua miaka mitatu au minne kuzaa, ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka kumi na moja. Aliniambia hayo wakati nanawa miguu. Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza. Alisema tu kwamba upande wa chini kuna mahindi ya kupalilia na binti yake hawezi kuja kabla ya Krismasi.

"Jumatatu ukuje saa mbili," akasema. "Ukuje na glavu."

Kesho ni Jumatatu. Nimezinunua sokoni leo, za ngozi, ni kubwa kidogo.

Dada yako,
Ruqaya